Ndege wawili, wimbo mmoja: leo najisahihisha



Miezi michache iliyopita niliandika hapa hapa juu ya ndege wa misituni, nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba msituni ndege humjui kwa rangi, unamjua kwa sauti, na kwamba wimbo ndio kitambulisho chake. Baadhi yenu mlinipongeza. Ndugu mmoja akauliza: je, wakitokea ndege wa aina mbili wenye wimbo mmoja, utafanyaje? Nikamjibu haraka haraka kwamba hilo halitokei, na likitokea basi hao si aina mbili bali ni aina moja. Leo nimekuja kujisahihisha. Ndugu yule aliuliza la maana, mie nilikosea, na kosa lenyewe limenigharimu kipupwe kizima. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Kwa wasionijua, mie ni mtoto wa Muheza, chini ya milima ya Usambara. Hapa Uingereza nafanya kazi ya zamu ya kutafuta rizki, haina uhusiano wowote na ndege. Lakini usiku, kwa kujitolea, nawasikilizia watafiti rekodi za sauti zilizochukuliwa msituni, najaza jedwali: saa ngapi, ndege gani, mara ngapi. Mama akipiga simu na kusikia nafanya nini hucheka, “Yaani umevuka bahari kwenda kusikiliza ndege, na hapa wapo bure?”

Basi, nilipewa rekodi za Madre de Dios, kusini-mashariki ya Peru, msitu wa Amazon. Humo kuna ndege wawili wa karibu mno kiukoo, na kazi yangu ilikuwa kuandika ni yupi anayeimba wapi. Nikasikiliza nyimbo, nikazigawa mafungu mawili, huyu wa kwanza, huyu wa pili, kurasa kwa kurasa. Siku moja msimamizi wetu, mama mmoja mpole sana, akaniuliza, “Hapa umemjuaje?” Nikasema, “Kwa wimbo wake.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Rudi mwanzo. Wacha nyimbo, tafuta milio mifupi.” Yaani kazi yote ikabidi ianze upya. Nilikasirika, sikufichi. Nilipotulia nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

HAWA NI NDEGE GANI?

Huko Amerika ya Kati na ya Kusini kuna familia kubwa ya ndege iitwayo Thamnophilidae, ina spishi zaidi ya 230. Kiswahili hakina jina lao kwa sababu kwetu hawako, kwa hiyo mie nitawaita ndege-siafu, kwa kufuata maana ya jina waliloitwa na Wazungu. Jina hilo limetokana na tabia ya baadhi yao ya kufuatana na siafu wa huko, hasa wale waitwao Eciton burchellii. Msidhani wanakula siafu. Siafu wakipita, panzi, mende na buibui hutimka mbio kuokoa roho zao, na ndege yuko pale pale anawadaka.

Waliokulia karibu na msitu watasema, mbona na kwetu wapo ndege wa namna hiyo? Ni kweli. Katika misitu ya pwani yetu na hata Unguja yupo Neocossyphus rufus, mwenye mkia wa rangi ya kutu, naye hufuata siafu vile vile. Lakini huyo hana udugu wa karibu na wale wa Amazon. Kazi ni moja, koo ni mbali mbali. Liwekeni hilo akilini, tutalirudia.

Ajabu ni kwamba hawa wawili wa leo, japo ni wa familia ya ndege-siafu, hawana desturi ya kufuata siafu. Wanajitafutia wadudu wenyewe kwenye majani na vichaka vya chini. Majina yao ya kitaalamu ni:

1. Hypocnemis peruviana, aliyeelezwa na Mpolandi Taczanowski mwaka 1884.
2. Hypocnemis subflava, aliyeelezwa na Mjerumani Cabanis mwaka 1873.

Ili tusichoshane, wa kwanza nitamwita Peruviana na wa pili Subflava. Wote ni wadogo, urefu kama sentimita 12 hivi, uzito wa gramu kumi na kitu. Wanaishi dume na jike, na kila jozi ina eneo lake inalolilinda.

Kwa miaka mingi hawakuhesabiwa kuwa spishi mbili. Wote walitiwa ndani ya spishi moja, Hypocnemis cantator, pamoja na wenzao wengine. Mwaka 2007 ndipo Morton Isler, Phyllis Isler na Bret Whitney walipotoa uchambuzi wao kwenye jarida la The Auk, wakaigawa spishi hiyo moja kuwa sita. Na waliigawa kwa kutumia nini? Kwa sauti! Kipimo walichokuwa wamekipendekeza tangu 1998 ni kwamba ndege wa familia hii wanaokutana bila ya kuchanganyika kwa kawaida huachana kwa mambo matatu au zaidi ya sauti. Basi mnaona, nilipoandika yale ya mwanzo sikuwa nimeyaokota njiani. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba sauti ni kitu kimoja. Ndege ana wimbo, na ana milio mingine mifupi ambayo si wimbo, na kila kimoja kina kazi yake.

WANAPOTOFAUTIANA

a) Rangi. Wote wana kichwa cha mistari myeusi na myeupe, na ubavuni wana rangi ya kutu. Lakini Subflava kifua chake ni cha manjano, na Peruviana kifua ni cheupe chenye michirizi myeusi. Ukimpata mbele ya macho, kwenye mwanga, huna haja ya kubabaika. Tabu ni kumpata huyo mbele ya macho. Kwenye vichaka vile unaweza kukaa saa nzima unamsikia hatua tano kutoka ulipo na usimwone hata unyoya.

b) Makaazi. Kule wanakokutana, Subflava ni mtu wa mianzi. Huko kuna mianzi ya jenasi Guadua, yenye miiba, inayoota kwa mapande makubwa ndani ya msitu. Peruviana yeye anapenda msitu wenyewe, kwenye vichaka vya pembezoni na mahala mti mkubwa ulipoanguka ukaacha uwazi. Lakini mipaka ya mianzi si ukuta, kwa hiyo majirani wanapakana, huyu upande huu na yule upande ule.

c) Milio mifupi. Hii ndiyo ile niliyoambiwa niitafute. Kila mmoja ana wake, na ukishaizoea huwezi kuichanganya.

WANAPOFANANA

Wimbo. Dume huanza kwa sauti safi kama mluzi, kisha sauti zinafuatana kwa haraka zikishuka, na mwishoni zinakuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyeanza kuimba vizuri akamalizia kwa kukohoa. Peruviana anaimba hivyo, Subflava anaimba hivyo.

Mwaka 2009 Joseph Tobias na Nathalie Seddon walitoa utafiti wao juu ya ndege hawa kwenye jarida la Evolution. Walipima rangi za manyoya kwa chombo, wakapima nyimbo na milio kwa kompyuta, kisha wakafanya jaribio msituni kwa kuwapigia ndege rekodi za sauti. Matokeo ni haya: rangi mbali, milio mbali, lakini nyimbo za madume zinaingiliana katika kila walichokipima. Kwa hiyo yale mafungu yangu mawili niliyagawa kwa vitu nilivyovibuni mwenyewe kichwani. Hata kompyuta isingeweza kuyagawa!

Na katika lile jaribio, dume aliposikia ndani ya eneo lake wimbo wa jirani wa spishi nyengine, alikuja juu vile vile kama aliyesikia wa spishi yake. Kwake yeye wimbo ule maana yake ni moja: “Hapa pana mwenyewe, toka.”

SASA KWA NINI?

Hapa ndipo nilipokuwa na hamu. Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba ni ndugu, wamerithi wimbo wa babu yao. Lakini hawa wawili, ndani ya lile kundi la spishi sita, si ndugu wa tumbo moja. Koo zao zilikwisha achana kwa mamilioni ya miaka. Na la kushangaza zaidi, wale wanaoishi sehemu moja ndio wanaofanana nyimbo zaidi, kuliko wale wa spishi hizo hizo wanaoishi mbali mbali. Ingekuwa ni urithi tu, kuishi pamoja kusingeleta tofauti yoyote.

Jibu la pili ni kwamba wanaigana, kama kasuku. Nalo halisimami. Ndege-siafu wako katika lile tawi la ndege ambao, kwa jumla, hawajifunzi wimbo, wanazaliwa nao. Jaribio mashuhuri katika tawi hili ni la Kroodsma na Konishi la mwaka 1991. Walichukua makinda ya ndege mmoja wa Marekani aitwaye Sayornis phoebe, wakawaondolea uwezo wa kusikia kabla ya kuanza kuimba. Makinda yale yalipokua yaliimba wimbo wa kwao sawasawa, bila ya kuwahi kuusikia. Kwa hiyo wimbo wa Peruviana haukusogea karibu na wa Subflava ndani ya maisha ya ndege mmoja. Umesogea kizazi baada ya kizazi.

Maelezo ya Tobias na Seddon ni haya. Hawa majirani wanakula wadudu wa aina moja, kwenye vichaka vya kimo kimoja. Kwa hiyo mshindani wako si wa spishi yako peke yake, hata yule wa ng'ambo ya mianzi anakula riziki yako. Sasa ukiwa na onyo ambalo jirani halielewi, atakuingilia, itabidi mpigane, na kupigana kuna gharama: unapoteza muda, unaweza kuumia, na mwewe anaweza kukuona. Ukiwa na onyo analolielewa mara moja, anageuza njia. Dume mwenye wimbo unaoeleweka na pande zote mbili anapata nafuu, anaishi, anazaa. Pole pole, kwa vizazi visivyohesabika, nyimbo zinakutana katikati.

Ni mambo yale yale ya yule ndege wetu mwenye mkia wa kutu na wenzake wa Amazon. Kazi ikiwa moja, hata wasiokuwa ndugu watafanana. Tofauti ni kwamba hapa kinachofanana ni maneno ya ugomvi.

JE, WANAOANA OVYO?

Najua kuna atakayeuliza. Kama nyimbo ni moja, jike anamjuaje mume wake?

Ndege hawa huimba kwa kupokezana. Dume anaanza, jike anadakia mwishoni. Seddon na Tobias walichunguza jambo hilo na kulitangaza mwaka 2006, wakati ndege hawa bado wanaitwa cantator, wakaona kwamba kupokezana huko ni njia ya kulinda ndoa, kila mmoja anamzuia mgeni asimchukulie mwenzake. Kisha mwaka 2010 wakatoa utafiti mwengine kuhusu Peruviana na Subflava, na ukaonesha kwamba majike, pamoja na nyimbo kufanana kiasi kile, bado wanawatambua madume wa spishi yao, na wanamtambua mume.

Hili mie halikunishangaza sana. Nina ndugu yangu tumefuatana, sauti zetu ni moja. Watu baki wakipiga simu nyumbani huanza kumpa yeye habari zangu. Lakini mama, ukishasema “Halo” tu, anajua ni yupi. Sauti haikubadilika, sikio ndilo lililokuwa na haja ya kujua. Dume hana haja ya kujua mwingiliaji ni wa spishi gani, atamfukuza vyovyote. Jike akikosea atapoteza msimu mzima wa kuzaa. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye sikio.

NA KWETU AFRIKA?

Isije ikaeleweka kwamba majirani wote huishia kufanana. Mwaka huo huo wa 2009 Alexander Kirschel na wenzake walitoa kwenye jarida la PNAS utafiti wa vindege viwili vya Afrika, Pogoniulus bilineatus na Pogoniulus subsulphureus. Ni wale wadogo wanaolia kong-kong-kong mchana kutwa kama mfua chuma aliyelipwa kwa saa, na Uganda ni mojawapo ya nchi wanamoishi wote wawili. Wao ni kinyume kabisa. Pale wanapokutana, nyimbo zao zimeachana zaidi kuliko wanapoishi peke yao. Kwao inaonekana faida ni kutambulikana mbali mbali, wasichanganyike.

Basi jirani anaweza kukuvuta au kukusukuma. Inategemea wimbo unatumika kwa kazi gani zaidi, kufukuzana au kutafutana.

NILICHOJIFUNZA

Mnaweza kusema, sawa, vindege viwili vya Peru, gramu kumi na kitu, sisi vinatuhusu nini? Nitasema mawili.

La kwanza ni la vitendo. Hesabu za ndege wa misituni, Amazon au Usambara, kwa sehemu kubwa hufanywa kwa sikio. Siku hizi vinawekwa vinasa sauti msituni, na watu kama mie tunajaza majedwali tukiwa mbali. Jedwali langu la mwanzo lingepita, ile mianzi ingeonekana haina mwenyewe, manake niliandika Peruviana kila mahali wimbo uliponipendeza hivyo. Na Madre de Dios si mahali pa kukosea. Barabara ya lami ya kuunganisha Peru na Brazil imepita humo, na uchimbaji wa dhahabu umeacha mashimo ya matope palipokuwa na msitu. Mianzi yenyewe ina kawaida yake, pande zima huchanua na kufa kwa pamoja baada ya miaka kama 28, na anayeitegemea inabidi apate pande jengine karibu. Atakayeamua sehemu ipi ikatwe na ipi iachwe atatazama orodha. Ndege asiyekuwemo kwenye orodha hana wa kumsemea.

La pili ni lile nililomjibu vibaya ndugu yetu. Nilisema wenye wimbo mmoja ni aina moja. Sasa nasema hivi: kabla ya kutumia alama yoyote kupima undugu, uliza kwanza alama hiyo inafanya kazi gani. Wimbo wa dume wa Hypocnemis ni tangazo la mpaka, limetengenezwa ili jirani alielewe, kwa hiyo lazima lifanane na la jirani. Mlio mfupi na rangi ya kifua havikuwa na kazi hiyo, kwa hiyo vilibaki vya kwao. Aliyesikiliza tangazo la mpakani peke yake atasema hawa ni wamoja. Inabidi usogee, usikilize wanavyosemezana wao kwa wao.

Majedwali nimeyamaliza upya mwezi uliopita. Safari hii, palipokuwa na wimbo bila ya mlio, niliandika tu “Hypocnemis, mmoja wa wawili”, nikasonga mbele. Zimekuwa nyingi, na mwanzo niliona haya kuzipeleka hivyo. Msimamizi akasema hizo ndizo alizozifurahia zaidi.

Ndugu uliyeniuliza, kama bado unapita humu, nisamehe kwa jibu lile, na ahsante kwa swali. Na wenzangu mliokulia Amani, Shimba Hills, Jozani au Kakamega, nina ombi: ikiwa mnakumbuka majina ya kienyeji ya ndege wanaofuata siafu, Kisambaa, Kidigo, Kiluhya, Kiunguja cha shamba, chochote, yaandikeni hapa. Wazee wetu waliwasikia ndege hawa kabla ya chombo chochote cha kunasa sauti, na ningependa kujua wao waliwatenga kwa nini: kwa wimbo, kwa mlio, au kwa rangi.

Wasalaam.